Viti Vilivyotangulia Harusini

Katika mji ule hakuna ndoa iliyofungwa bila Mama Viti kuwapo, na hakuna mtu aliyewahi kumwona Mama Viti amekaa. Yeye ndiye aliyekodisha viti. Vilikuwa vya plastiki, vyeupe, vyenye mikono, na alivipandanisha hadi vikawa mnara mrefu kuliko yeye, akaufunga kwa kamba juu ya mkokoteni, akausukuma kutoka bondeni alikoishi mpaka mlimani walikooana wenye bustani. Akifika huko alivishusha, akavipanga safu kwa safu, akavifuta kwa kitambaa alichokichomeka kiunoni, kisha akasimama pembeni ya turubai na kuangalia makalio ya watu.

"Wengine wakienda harusini huangalia nguo ya bibi harusi," alikuwa akisema. "Mimi naangalia nani anakaa kwa adabu na nani anajitupa kama gunia."

Kiti kimoja kilikuwa na jina. Kiliitwa Balozi. Zamani shemeji wa mtu fulani alikikalia vibaya, mguu wa nyuma ukapasuka, na Mama Viti akautoboa matundu kwa msumari wa moto na kuushona kwa waya kama anayeshona kiatu. Tangu hapo Balozi hakuvunjika, ila alilalamika. Basi kwenye kila sherehe Mama Viti aliuliza kwa upole, "Jamani, mzee wenu wa hotuba ndefu ni yupi?" Akishaonyeshwa, alimkalisha juu ya Balozi. Mzee akizungumza robo saa, akianza kunogewa na kuegemea nyuma ili atoe mfano wa tatu, Balozi alitoa mlio, kwiii, mzee akashtuka, akasahau alipofikia, akasema tu "Basi, muishi kwa amani." Wapishi walimwombea Mama Viti maisha marefu kwa ajili ya kiti kile.

Yeye mwenyewe aliolewa amesimama, kwenye korido ya ofisi, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watu waliokuja kwa shida nyingine. Marehemu mumewe alimwambia siku ile, "Mke wangu, ipo siku nitakununulia kiti." Alimnunulia viwili. Vingine alivinunua mwenyewe baada ya mazishi.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kukohoa. Ulikuja kwa ndege, na mizigo yake, ukapokelewa uwanjani kwa gari zuri. Wa kwanza kuugua mjini alikuwa mume wa mama mmoja wa mlimani, aliyetoka safari ya mbali. Kutoka pale uliteremka bondeni kwa miguu, ukifuatana na wapishi, madobi na walinzi, na ulipofika bondeni ukasahau njia ya kurudi. Haukupita muda, ukimuuliza mtu wa mlimani ugonjwa umetoka wapi, alikunyooshea kidole bondeni.

Ikatoka amri. Watu wasikusanyike ila mahali pa wazi, kila mmoja na kiti chake, na kati ya kiti na kiti ienee fimbo ya Bwana Afya. Bwana Afya alikuwa mtu mwembamba mwenye gambuti za kijani, na fimbo yake aliipaka rangi nyekundu ncha zote mbili. Mlimani amri ile ilikuwa nyepesi kama unyoya. Bustani ya mtu mmoja ilimeza harusi nzima na fimbo zake, ikabaki nafasi ya watoto kukimbizana na mbwa. Bondeni, ukiinyoosha fimbo ile chumbani kwako, inatokea dirishani kwa jirani na kumchoma aliyelala. Bwana Afya alitawanya foleni ya bombani. Alitawanya msiba. Siku moja alitawanya familia iliyokuwa ikila mlangoni pake.

"Kaeni mbali mbali!"

"Tukae wapi, bwana?"

"Mbali!"

"Huko Mbali ni kwa nani?" akauliza baba wa familia, kijiko mkononi. "Tuonyeshe, tuhamie."

Bondeni hapakuwa na pa kuvipanga, na mlimani wakaviogopa kwa kuwa vimetoka bondeni, hivyo viti vya Mama Viti vililala kwenye banda lake kama wazee waliostaafu. Na hapo hapo, kwa kuwa mapenzi hayasomi amri, binti yake wa mwisho akapata mchumba.

Binti huyo aliitwa Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kuota meno na hajanyamaza tangu hapo. Mchumba alikuwa muuguzi, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, na mtaa ulimwita Sindano. Ilikuwa zamu yake kuingia wodi ya ugonjwa ule, na aliyeingia kule hakutoka kwa majuma mengi. Wengine walitoka wakiwa wamebebwa. Hospitali iliwapa wauguzi waliooa chumba kimoja kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, juu kabisa ya kilima, mwenzi akae humo kusubiri. Aliyeingia wodini kapera, chumba kilikwenda kwa mwingine. Sindano alipewa siku moja ya ruhusa. Saa nane mchana gari la hospitali lingemfuata.

Mama Viti hakukiwaza sana chumba chenyewe. Alikiwaza kilima. Miaka ya nyuma mvua ilikuwa na msimu wake kama mtu mwenye heshima zake, na watu walipanda mbegu wakiisubiri. Siku hizi ilikuja bila hodi, ikamwaga kwa asubuhi moja maji ya mwezi mzima. Na mlimani walikuwa wamefunika nyua zao kwa vitofali vya saruji, vizuri mno kwa kupangia viti. Mama Viti mwenyewe alivisifia mara nyingi. Maji yakianguka pale hayakuwa na pa kuzama. Yakashuka.

"Aliye juu mngoje chini," alisema jirani yake, muuza mkaa, kila mafuriko yalipoingia ndani. "Sisi tumemngoja, tumemngoja. Anatuletea maji yake ya kuogea."

Mama Viti alitaka jambo moja tu: mwanawe alale mahali ambapo mvua ikinyesha mtu anajifunika shuka na kugeukia upande wa pili, badala ya kuamka na kuinua godoro.

Mama wa mlimani, yule yule mke wa msafiri, alikuwa ameahidi bustani. "Viti vyako vimenisitiri mara ngapi?" alimwambia. "Mlete mwanao aolewe kwangu." Lakini asubuhi ya harusi, mvua ikipiga mabati kama inadai kufunguliwa, Mama Viti alipanda kwenda kuangalia uwanja na kukuta geti jeusi limefungwa. Kidirisha cha geti kikafunguka kiasi cha pua.

"Dada yangu, nisamehe. Si mimi, ni watoto. Si unajua, ninyi kule mnabanana."

"Tunabanana, ni kweli," Mama Viti akasema. "Ndiyo maana nikaomba bustani."

Kidirisha kikafungwa polepole, kwa adabu.

Aliteremka bila mwamvuli. Njiani maji yalimpita yakikimbia kama yanaogopa kuchelewa. Alipofika bondeni mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka linang'aa bila haya, na mtaa mzima uko majini hadi magotini. Watu walikuwa wameketi juu ya meza zao, juu ya madirisha, mmoja juu ya jokofu. Muuza mkaa alisimama mlangoni pake akikoroga maji meusi kwa ufagio.

"Jirani, karibu chai!" alipaza sauti. "Mkaa wangu wote nimeukoroga, bado sukari!"

Mama Viti hakucheka. Alikuwa anatazama banda lake. Mlango ulikuwa umeng'oka, na ndani hamkuwa na kitu.

"Viti vyangu viko wapi?"

Muuza mkaa akaacha kukoroga. "Nilidhani umevituma," akasema. "Vimepita hapa mapema, vyote, kimoja nyuma ya kingine. Niliviambia nisalimieni maharusi."

Walivifuata mkondo ulikokwenda, sketi zimekunjwa, hadi mwisho wa mtaa, kwenye uwanja wa soko. Siku zote uwanja ule ulijaa vibanda, mikokoteni, kuku na kelele, hata mtu akipiga chafya aliomba radhi kwa watu kumi. Sasa wachuuzi walikuwa wamekimbilia barabarani na bidhaa zao. Uwanja ulikuwa mtupu, umetandikwa maji yanayotambaa polepole, yasiyofika kwenye kikalio cha kiti, na juu yake vilikuwa vimetapakaa viti vyeupe vya Mama Viti. Vichache vililala ubavu na kimoja kilikuwa kimeinua miguu kama mende. Vilivyobaki vilikuwa vimenasa kwenye tope vikiwa wima, kila kimoja kivyake, vikielekea huku na huku mithili ya wageni waliofika mapema na kukuta mwenyeji bado anaoga.

Mama Viti aliguna. Miaka yote aliyofanya kazi ile haikumruhusu kuona viti vimekaa ovyo. Akakamata cha kwanza na kuanza kukivuta kukipeleka kwenye safu.

"Unakipeleka wapi?" muuza mkaa akauliza.

"Navipanga."

"Viache."

"Vimetawanyika hivi?"

"Viache, nakwambia! Hebu angalia. Kutoka hiki hadi kile. Kutoka kile hadi kile. Fimbo ya Bwana Afya si inapita hapo na ndugu zake?"

Mama Viti aliangalia. Alianza kwa kuviangalia viti, akaangalia nafasi, kitu ambacho bondeni hakijawahi kuonekana. Midomo ikaanza kumtetemeka, na muuza mkaa akadhani analia, akataka kumshika bega. Lakini ilikuwa kicheko, kilichoanzia tumboni na kupanda kama maji yenyewe, mpaka akaegemea kiti na kiti kikamtoroka.

"Kawaite," alisema alipoweza kusema. "Waite wote. Waambie viti vimetangulia."

Wakaja. Walikuja kutoka juu ya meza na majokofu, viatu mikononi, nguo nzuri zimefungwa kiunoni, barakoa usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwao hawakugombania kiti cha mbele, kwa kuwa hapakuwa na mbele. Kila mtu alikaa pale kiti kilipomkuta. Mara wakagundua sheria ya pekee ya harusi ile: ukikaa, kiti kinatulia, ukiinuka, kinang'oka topeni na kwenda zake. Fundi viatu aliinuka kumsalimia shangazi yake, akageuka, kiti chake kikawa kimefika kwa watu wengine.

"Ee, wewe! Rudi!" akakiita, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Chiriku alifika amebebwa juu ya mkokoteni wa mama yake, nguo nyeupe imekusanywa mapajani kama unga, akiongea tangu mwanzo wa mtaa. "Mama, maji! Mama, umeona yule kakalia kiti kinyume? Jamani msinicheke, viatu vyangu viko wapi? Sindano yuko wapi? Asije akawa ameogopa!" Sindano alikuwa nyuma yake, ndiye aliyekuwa akisukuma.

Msajili wa ndoa, mama mnene aliyebeba karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki juu ya kichwa, alikalishwa katikati. Mama Viti akawa anazunguka majini kutoka kiti hadi kiti, akipapasa miguu ya nyuma kwa mkono.

"Unatafuta nini?" muuza mkaa akanong'ona.

"Balozi. Baba mkubwa wa bwana harusi ni mwalimu mstaafu. Ana hotuba."

"Mungu wangu. Ndefu?"

"Kaileta kwenye bahasha."

Lakini waya haukuonekana majini, na watu walianza kulalamika kwamba mama wa bibi harusi anawashika miguu. Basi akaacha. Na hapo ndipo sauti ikasikika kutoka kwenye ukingo wa uwanja.

"Nani ameandaa mkusanyiko huu?"

Alikuwa Bwana Afya, gambuti za kijani, fimbo mkononi. Hata Chiriku alinyamaza. Jua lilikuwa limeshapita utosi, na kila mtu pale alijua gari la saa nane haliongezi dakika.

"Mvua, bwana," akajibu muuza mkaa. "Ndiyo iliyopanga na viti."

"Nawatawanya!"

"Tumeshatawanyika!"

Bwana Afya alikaza kofia kichwani. Akaingia majini. Maji yakajaa gambuti zake, akawa anatembea kwa mlio, bwoko, bwoko, akilaza fimbo kati ya kiti na kiti. Ilienea. Akaenda kwa kingine. Ilienea na kubaki. Alipima kulia, akapima kushoto, akapima mshazari kama mtu aliyepoteza kitu. Kila alipopita, aliyepimwa alikaa wima na kushika pumzi kama anapigwa picha.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mtu mmoja akasema chini chini, na watu wakavunjika mbavu bila kutoa sauti, mabega tu yakicheza.

Mwishowe Bwana Afya alisimama katikati ya uwanja. Akavua kofia. "Tangu amri itoke," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mkali, "sijaona mkusanyiko uliokaa sawa namna hii. Hata kule juu. Kule juu wakishakunywa kidogo wanasogeleana." Halafu akamwona Chiriku na Sindano wameketi bega kwa bega. "Ila hao wawili. Hao ni nyumba moja?"

"Ndiyo tunataka wawe!" Mama Viti akapaza sauti. "Gari linakuja saa nane, mwanangu, tusaidie!"

"Kama bado, wakae fimbo moja."

Ikabidi waachanishwe. Ndipo msajili akafungua mfuko wake, na maswali yakaulizwa kwa kupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Sindano alijibu mara moja. Zamu ya Chiriku ilipofika, Chiriku, aliyekuwa akiongea hata usingizini, alikosa neno. Alimtazama mama yake. Akautazama uwanja, watu wa mtaa wake wote miguu majini, na kule nyuma milango iliyo wazi na magodoro yaliyoning'inizwa kwenye madirisha.

"Mama, na wewe utabaki hapa?" akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Nibaki nisibaki, viti hivi nitaviweka chumbani kwenu? Jibu swali la watu!"

"Ndiyo!" Chiriku akapiga ukelele, na watu wakashangilia hadi kunguru wakaruka kwenye mabati.

Karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono, ikiwa ndani ya plastiki, ikatiwa sahihi. Bwana Afya akakohoa kidogo, akakumbuka, akaomba radhi. "Sasa ni nyumba moja," akatangaza rasmi. "Wanaweza kusogea."

Sindano akainuka kwa furaha kumwendea mkewe. Kiti chake kikaondoka. Akageuka kukifuata, suruali ya harusi ikipiga maji, akakikosa, akakikosa tena, kiti kikamzunguka msajili na kushika njia ya barabarani, na watu wakamwelekeza kwa kelele, "Kushoto! Kushoto! Muache, umeoa mtu, hukuoa kiti!" Chiriku alicheka hadi akainuka naye, chake kikafuata cha mwenzake. Basi wakabaki wamesimama wawili katikati ya maji, wameshikana mikono, hawana pa kukaa.

Gari la hospitali lilikuwa limeshasimama barabarani, dereva amekaa juu ya paa anaangalia, amesahau kupiga honi. Ila baba mkubwa alikuwa na bahasha yake. Alizungumza kuhusu subira. Akazungumza kuhusu chimbuko la ukoo. Mama Viti alimtegea sikio, akingoja ule mlio. Mzee akaegemea nyuma kwa ajili ya mfano wa tatu, kimya. Mfano wa nne. Kiti kimetulia kama jiwe. Chini ya mzee yule, siku hiyo, kulikuwa na kiti kizima kuliko vyote. Dereva ndiye aliyeokoa watu, kwa honi.

Maharusi waliondoka kwenye mkokoteni, wakisukumwa na vijana wote wa mtaa, hadi kwenye gari. Sindano alipunga mkono, na ufunguo wa chumba aliokabidhiwa na dereva ukawaka juani. Chiriku alikuwa ameanza tena kuongea. Walimsikia hata gari lilipokunja kona na kuanza kupanda.

Mama Viti alisimama akitazama kilima hadi gari likawa dogo kama ukucha. Kitambaa kilikuwa bado kiunoni mwake. Akakichomoa, akatazama kama kipo kiti cha kufuta.

"Mama wa bibi harusi," Bwana Afya akasema, akiwa amekaa sasa, gambuti zimevuliwa, anazimwaga maji. "Wewe mbona umesimama? Amri inasema kila mtu na kiti chake. Nikutie hatiani?"

"Kaa, jirani!" muuza mkaa akaita. "Leo umealikwa!"

"Akae! Akae!" uwanja mzima ukadakia, wakipiga mapaja.

Kimoja tu kilikuwa kimebaki kitupu, kimenasa topeni pale karibu. Mama Viti alikisogelea kwa aibu, kama kiti cha mtu mwingine. Akakunja sketi. Akajishusha taratibu, kwa adabu, namna alivyotamani watu wote wangekaa. Akaegemea nyuma.

Kwiii.

Alikuwa na nafasi ya kuitambua sauti hiyo, na ya kusema "Kumbe ulikuwa hapa," kabla waya haujakatika, mguu haujakwenda upande wake, na Mama Viti hajaketi chini kabisa, maji yakimfika kifuani.

Akacheka yeye kwanza, na wote wakaachia, wakiinuka bila kukumbuka viti, na viti vyote vya harusi vikaanza kuondoka kwa pamoja kuelekea barabarani, vyeupe, polepole, mithili ya wageni walioona sherehe imekwisha.

Bwana Afya alikimbia miguu mitupu, akamnyooshea ncha nyekundu ya fimbo. "Shika, mama, nikuvute!"

Mama Viti aliipangusa pua kwa kitambaa kilicholowa. Akaegemeza mgongo kwenye kilichobaki cha Balozi.

"Niache kidogo, mwanangu," akasema. "Si unaona nimekaa?"